Tangi la maji chumvi Arusha: amonia imeisha, nitriti imegoma kushuka. Niweke samaki au nisubiri?

#1 Kioo_Njiro (mleta mada)
Wakuu, habari za majukumu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nimejenga tangi la maji chumvi hapa Njiro, kioo cha lita 200. Lengo ni kuweka samaki wawili watatu wadogo, baadaye matumbawe laini. Chumvi ni ile maalum ya akwariamu, nimeikoroga kwenye maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando mpaka yakabaki karibu matupu) mpaka gramu 35 kwa lita. Hita nimeiweka 26. Mawe ni makavu, mchanga mweupe. Kuanzisha amonia, sumu ya uozo ambayo ndiyo chakula cha bakteria wa kusafisha tangi, nilitumbukiza kamba wawili wa sokoni, wale wakubwa, wakaozea humo, nikawatoa. Nimemimina pia chupa ya bakteria iliyotoka Nairobi.

Amonia ilipanda sana, ikashuka, sasa inasoma sifuri. Tatizo ni nitriti. Nikipima inakuja zambarau iliyokolea, ile rangi ya mwisho kabisa kwenye kadi, 5 mg kwa lita, na haijasogea zaidi ya mwezi sasa. Nitrati nayo ipo juu. Kila ninaposoma wanasema amonia na nitriti zote ziwe sifuri ndipo uweke kiumbe.

Nini kinaizuia? Na nikiweka samaki sasa hivi kuna ubaya gani?

#2 ngoja_waje
Nimekaa kiti cha mbele. Ngoja waje wenye fani yao.

#3 Tanga_Asilia
Mkuu kabla hatujafika kwenye nitriti, hayo mawe umeyatoa wapi? Maana huku kwetu watu wanakuja na gari wanataka kung'oa matumbawe chini ya maji waende kupamba matangi bara. Hiyo haifai na sheria inakataza. Matumbawe magumu yapo kwenye orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), hata ukiyavusha mpakani yanataka kibali. Na huku Tanga tuna hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, miamba yetu imeshateswa vya kutosha na baruti.

#4 Kioo_Njiro
Tanga_Asilia, swali zuri. Ni mawe ya matumbawe ya kale, ya kuchimbwa nchi kavu, yale yale watu wa pwani wanayojengea nyumba. Hayajaguswa na bahari miaka mingi sana. Nimeyasugua, nimeyaloweka, nimeyaanika. Cha baharini sijachukua hata konokono.

#5 Tanga_Asilia
Hapo sawa. Endeleeni.

#6 Fundi_Sakina
Mkuu tangi lako halijaiva, basi. Mawe makavu hayana bakteria hata mmoja, kila kitu kinaanza upya. Kundi la kwanza linakula amonia na kutoa nitriti, kundi la pili linakula nitriti na kutoa nitrati. Hawa wa pili wanachelewa kuanza na wanazaliana taratibu mno. Watu wanasema wiki nne mpaka sita, lakini kwa mawe makavu nimeona matangi yanayopita hapo na mwisho yakaiva vizuri tu. Usiongeze dawa, usiguse mchanga, usibadilishe maji. Kaa pembeni.

#7 Mkemia_Lab
Naheshimu subira ya Fundi_Sakina, ila kuna jambo hakuna anayelitaja kwa sababu miongozo yote imeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari.

Arusha tupo mita 1,400 hivi juu ya bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga, na oksijeni inayoyeyuka majini inashuka kwa kiwango hicho hicho. Halafu maji ya chumvi yanashika oksijeni kidogo kuliko maji baridi (yasiyo na chumvi). Kwa nyuzi 25, maji ya bahari pale Tanga yanaweza kubeba karibu 6.8 mg kwa lita. Maji hayo hayo ukiyaleta Njiro yanabeba kama 5.7. Na hawa bakteria wanaishi kwa oksijeni: kila mg 1 ya naitrojeni ya amonia inayosafiri mpaka kuwa nitrati inameza oksijeni karibu mg 4.6.

Kwa hiyo mkuu tangi lako linahema kwa shida. Ongeza mtikisiko wa maji juu, pampu ielekee usoni mwa maji mpaka uone mawimbi.

#8 Mangi_Kibosho
Hamia Moshi mkuu, huku hatufiki hata mita 1,000, oksijeni bwerere. Na maji yetu ni ya theluji ya Kilimanjaro, safi hata bila RO 😀

#9 Dada_Akwa
Mangi theluji iache ipumzike. Chemchemi za Moshi sehemu kubwa ni mvua ya msituni inayozama kwenye miamba ya mlima na kutokea chini. Barafu mchango wake ni mdogo sana. Ndiyo maana msitu ukikatwa chemchemi zinaumia.

Nije kwa Mkemia_Lab. Hesabu yako ya oksijeni ni sahihi lakini naona inakugeukia. Katika hizo 4.6, hatua ya kwanza, amonia kwenda nitriti, ndiyo inayomeza karibu 3.4. Hatua ya pili inabaki na 1.1 tu. Kama oksijeni ndiyo tatizo, mbona hatua inayokula nyingi imekwisha na inayokula kidogo ndiyo imekwama?

Mimi nadhani mleta mada hajui nitriti yake ni ngapi. Kadi inaishia 5. Ikiwa 5, ni zambarau. Ikiwa 25, ni zambarau ile ile. Sasa piga hesabu ya uzito: molekuli ya amonia ni 17, ya nitriti ni 46. Kila mg 1 ya amonia ikigeuzwa inakuwa nitriti mg 2.7. Kamba wawili wakubwa kwenye lita 200, amonia ikifika 8, nitriti inakuwa zaidi ya 21. Inaweza kuwa inashuka kila siku na wewe huoni kitu kwa sababu bado ipo nje ya kadi.

Fanya hivi. Nunua sirinji mbili duka la dawa, ya ml 1 na ya ml 10. Vuta ml 1 ya maji ya tangi, uyatie kwenye kikombe safi, ongeza ml 9 za maji ya RO, koroga. Toa hapo kiasi kinachotakiwa na kipimo chako, weka matone kama kawaida, usiharakishe, subiri dakika zilizoandikwa. Utakachosoma zidisha mara 10. Soma kwenye mwanga wa mchana, karatasi nyeupe nyuma ya tyubu, usisome chini ya taa ya tangi maana ile ya buluu inapotosha rangi.

Na nitrati yako usiiamini sasa hivi. Nitriti ikiwa nyingi inakidanganya kipimo cha nitrati kisome juu kuliko ilivyo.

#10 Perege_Usa
Nimesoma kimya kimya ila hapa lazima niseme. Mimi nafuga perege kwenye mabwawa huku Usa River. Nitriti kwenye maji baridi ni muuaji. Inapita kwenye matamvua, inaingia kwenye damu, damu inakuwa kahawia kama kahawa na haibebi tena oksijeni. Samaki anahema juu juu wakati maji yana hewa ya kutosha. Dawa yetu ni nini? Chumvi. Tunamwaga chumvi ya kawaida bwawani na samaki wanapona, kwa sababu kloridi inagombania mlango ule ule na nitriti, nitriti inakosa pa kupita.

Sasa maji ya bahari yana kloridi karibu gramu 19 kwa kila lita. Huyo samaki wa bahari anaogelea ndani ya dawa saa zote! Mnamcheleweshea nini? Amonia ikiwa sifuri aweke samaki wake.

#11 Fundi_Sakina
Perege_Usa, umeongea kitu cha kweli kwa upande wa samaki. Lakini anataka matumbawe pia, na matumbawe, konokono na kamba hawana damu ya aina hiyo. Halafu nitriti iliyokwama ni ishara kwamba nusu ya mfumo haifanyi kazi. Ukiweka samaki anakula, ananya, unaongeza mzigo juu ya mfumo wenye mguu mmoja.

#12 Perege_Usa
Lakini mguu unaomwondolea samaki sumu ndio huo uliopona, Fundi. Amonia kwenye pH (kipimo cha uasidi) ya bahari, 8.2, ni kali mara nyingi kuliko kwenye pH 7, maana sehemu kubwa zaidi inakuwa gesi inayopenya kwenye matamvua. Hiyo ndiyo ya kuogopa. Nitriti baharini mnaiogopa kwa mazoea tuliyoyatoa kwenye maji baridi.

#13 Kioo_Njiro
Shukrani wote. Dada_Akwa nimefanya kama ulivyoelekeza. Ml 1 kwa ml 9, mwanga wa dirishani, karatasi nyeupe. Imesoma kati ya 1 na 2, nikizidisha ni kati ya 10 na 20. Kumbe tulikuwa nje kabisa ya kadi.

#14 Dada_Akwa
Safi. Sasa rudia baada ya siku chache, sirinji zile zile, saa ile ile. Ikishuka hata kidogo huna tatizo, una mlima tu wa kushuka. Isiposhuka ndipo tutafute mchawi.

#15 Mkemia_Lab
Dada_Akwa sijakimbia, nilikuwa kazini. Hoja yako ya 3.4 na 1.1 ni ya kiasi kinacholiwa. Mimi nazungumzia uwezo wa kukipata. Bakteria wa nitriti kwa kawaida hawana uwezo wa kuinasa oksijeni ikiwa chache kama walionao wale wa amonia. Ikipungua, wa kwanza wanaendelea, wa pili ndio wanaolala. Hilo linajulikana sana kwenye mitambo ya kusafisha majitaka, hata kuna mahali wanabana oksijeni makusudi ili nitriti isiende mbele.

Mleta mada, swali: umeme ukikatika usiku kwako inakuwaje?

#16 Kioo_Njiro
Kila kitu kinazima. Sina pampu ya betri. Na kwa baridi hii ya Julai, umeme ukikatika saa tatu usiku, asubuhi nakuta kipimajoto kinasoma 19 au 20.

#17 Mkemia_Lab
Basi mnaona. Kwa muda wa saa nane maji yamesimama, oksijeni chini, joto chini. Mawe yana vinyweleo, ndani yake ndiko bakteria walikojificha, na maji yasiposukumwa huko ndani hewa inaisha haraka.

#18 Fundi_Sakina
Hapo kwenye joto nakubali zaidi kuliko oksijeni. Bakteria kwenye 19 wanafanya kazi kwa uvivu kabisa. Funika tangi na blanketi pande tatu usiku, acha juu wazi. Inasaidia kuliko mnavyofikiri.

#19 Safari_Namanga
Nimechelewa uzi. Hakuna aliyeuliza habari za ile chupa ya bakteria. Ilisafirije? Mimi naagiza vitu Nairobi mara kwa mara, na chupa zinapakiwa kwenye buti la basi au juu ya dashibodi, jua lote la Namanga ni lao. Kuna bidhaa zinataka ubaridi toka dukani mpaka mlangoni kwako. Bakteria wa amonia wanaweza kuwa walijizalisha wenyewe kutoka kwenye wale kamba na mchanga, lakini wa nitriti waliokuwa kwenye chupa walishakufa kabla hujavunja lakiri.

#20 Kioo_Njiro
Ilikuja kwa basi, ndani ya boksi la kawaida. Ilikuwa ya vuguvugu nilipoipokea.

#21 Safari_Namanga
Jibu unalo.

#22 Dada_Akwa
Safari_Namanga, inawezekana. Ila hata kama chupa ilikufa yote, wa nitriti wapo kila mahali, wangefika tu kwa kuchelewa. Mimi nina mshukiwa mwingine: fosfeti. Bakteria wanahitaji fosfeti kujenga miili yao, na mawe makavu ya chokaa yana tabia ya kuinyonya kutoka majini mpaka yashibe. Tangi linabaki na nitriti tele na fosfeti sifuri, wa pili wanakaa na chakula mezani wasichoweza kukitumia. Tupia chembe chache za chakula cha samaki uone.

#23 Mangi_Kibosho
Dada_Akwa, kamba wawili wameoza humo. Kamba aliyeoza ana fosfeti kibao. Imekwenda wapi?

#24 Dada_Akwa
Kwenye mawe, ndiyo ninachosema. Ila tusibishane kwa maneno, apime.

#25 Shangazi_Kijenge
Wanangu, shikamooni hamnipi 🙂 Nina swali moja kwa Kioo_Njiro. Maji yanayopotea kwa mvuke unayarudishia na nini?

#26 Kioo_Njiro
Shikamoo Shangazi. Kuchanganyia chumvi natumia RO. Kujazia mvuke natumia ya bomba, nikiwa nimeyachemsha kutoa klorini na hiyo floridi ya Arusha.

#27 Shangazi_Kijenge
Marahaba. Klorini sawa, itaondoka. Floridi haiondoki kwa kuchemsha mwanangu, inabaki yote huku maji yakipungua, kwa hiyo inazidi kukolea. Sisi wa maji ya Meru tunaijua hiyo, watoto wetu meno yao ndiyo ushahidi. Pale Ngurdoto wanatafiti namna ya kuitoa, wanatumia mkaa wa mifupa. RO nayo inaitoa sehemu kubwa.

Na sikiliza: kinachopanda kwenda hewani ni maji matupu. Chumvi, floridi, silika (madini ya mchangani), kila kitu kinabaki ndani ya kioo. Ukijazia maji yenye vitu, kila wiki unaongeza juu ya vilivyopo. Maji ya bahari yenyewe yana floridi karibu 1.3 mg kwa lita, si kwamba samaki hawaijui, lakini huku kwetu kuna vyanzo vinavyopita hapo mbali. Na silika itakuletea ule utando wa kahawia kwenye mchanga mpaka uchukie tangi. Mvuke ujazie RO tupu, isiyo na chumvi.

#28 Mkemia_Lab
Shangazi umeshuka na nondo. Ila sidhani floridi ndiyo iliyozuia nitriti.

#29 Shangazi_Kijenge
Sijasema hivyo. Nimesema aache kuijazia.

#30 Mangi_Kibosho
Mbona hamjamshauri akachote Natron, si karibu? Chumvi ipo bure 😀

#31 Perege_Usa
Mangi unatania ila kuna somo pale. Maji ya Natron ni magadi, yana karboneti nyingi na pH inapita 9 mpaka 10. Ukimweka samaki wa baharini humo hafiki jioni. Lakini kuna perege wadogo wanaishi pembezoni zinapotoka chemchemi za moto. Ndugu zao wa Ziwa Magadi, Kenya, wana kitu cha ajabu: samaki karibu wote hutoa amonia kupitia matamvua, lakini kwenye pH ile amonia haitoki mwilini, ingewaua. Wao wanaigeuza kuwa urea, kama tunavyofanya sisi watu. Ndiyo mjue amonia na pH ni ndugu wa damu.

#32 ngoja_waje
Duh, hii imenilipa kukaa kiti cha mbele.

#33 Kioo_Njiro
Wakuu mrejesho. Nimepima tena kwa sirinji. Naona imekaa kwenye 1 kamili, yaani 10. Ila rangi ya 1 na ya 2 zinakaribiana, siwezi kuapa.

#34 Fundi_Sakina
Inashuka. Kaa pembeni.

#35 Mkemia_Lab
Umeshaongeza mtikisiko wa maji?

#36 Kioo_Njiro
Ndiyo, na blanketi pia, na chakula kidogo nimetupia.

#37 Dada_Akwa
Aaah mkuu, umefanya vyote kwa pamoja! Sasa kila mtu humu atasema ni dawa yake.

#38 Mkemia_Lab
Ni mtikisiko.

#39 Safari_Namanga
Ni muda tu, bakteria wa chupa walikufa, hawa ni wapya.

#40 Tanga_Asilia
Kwa nini asibadilishe nusu ya maji? Nitriti inashuka nusu siku hiyo hiyo. Akitaka maji ya bahari halisi nitamwonyesha pa kuchota. Asichote karibu na mdomo wa Mto Pangani, maji yamechanganyika na ya mtoni, ambayo kwa taarifa yenu yametoka huko huko kwenu Meru na Kilimanjaro. Asije wakati wa masika. Aje siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, ndipo yanakuwa mapya kutoka nje ya mwamba. Ayachuje kwa kitambaa safi, madumu yawe mapya, yasiyowahi kubeba mafuta.

#41 Fundi_Sakina
Lita 100 ni zaidi ya kilo 100, toka Tanga mpaka Arusha, kwa ajili ya nitriti itakayoshuka yenyewe? Mafuta ya gari yanatosha kununua chumvi ya miezi kadhaa.

#42 Tanga_Asilia
Chumvi ya mfuko haina uhai ndani yake. Maji ya bahari yanakuja na viumbe wadogo ambao hakuna chupa inayowauza.

#43 Dada_Akwa
Yanakuja na vimelea pia. Mimi maji ya kuchota nayaweka gizani muda mrefu kabla hayajagusa tangi.

#44 Perege_Usa
Narudi kwenye swali lake la msingi. Apime uwezo wa mfumo. Atafute kloridi ya amonia safi, aiweke mpaka ifike 2 mg kwa lita, apime baada ya saa 24. Amonia ikiwa sifuri, mfumo unabeba samaki mmoja mdogo leo. Akikosa hiyo na kuchukua amonia ya dukani ya kufanyia usafi, aitikise kwanza: ikitoa povu linalokaa, ina sabuni, airudishe alikoitoa.

#45 Fundi_Sakina
Na hizo 2 zitazaa nitriti nyingine 5 na ushee juu ya ile 10. Mimi bado napinga.

#46 Perege_Usa
Zizae. Tumeshasema samaki wa bahari haidhuriki nayo kirahisi.

#47 Kioo_Njiro
Nawasikia pande zote. Nilichoamua: kujazia mvuke ni RO tupu kuanzia leo, natafuta pampu ya hewa ya betri, na samaki simweki mpaka nitriti isome ndani ya kadi bila kuchanganya maji. Perege_Usa najua hutafurahi. Kipimo cha fosfeti nani anacho hapa mjini? Nimezunguka maduka ya samaki hakuna.

#48 Shangazi_Kijenge
Ninacho mimi, matone yapo machache. Njoo na maji kwenye chupa uliyoisuuza na maji ya tangi lenyewe, usisuuze kwa sabuni maana sabuni nyingine zina fosfeti. Nitumie ujumbe wa faragha.

#49 Mkemia_Lab
Leteni majibu hapa hapa.

#50 Perege_Usa
Mleta mada, kuna kitu hujasema tangu mwanzo. Skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) unaiwasha, au uliizima ulipomimina ile chupa?